Mwaka wa Kula Maotea

Masomo ya wiki: Isaya 37:30–32; Mambo ya Walawi 25:4–7; Marko 4:26–29

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masika ya mwaka huu sikupanda kitu. Mwishoni mwa mwezi wa pili mama yangu alianguka bafuni kule Njombe akavunjika nyonga, nami nikafunga nyumba hapa Morogoro nikapanda basi. Nilijua nakwenda wiki mbili. Nimerudi mwezi wa sita. Mvua zote zimenyesha na kukatika mimi nikiwa kando ya kitanda, nageuza mgonjwa, nafua mashuka, napika uji.

Njiani kurudi kilichonisumbua, na naona haya kukisema, ni bustani. Kila mwaka nina matuta manne nyuma ya nyumba: mchicha, bamia, matembele, na tuta moja la nyanya ambazo aghalabu huoza kitako kabla hatujazionja. Safari hii nilitegemea kukuta magugu.

Na magugu yalikuwepo, ya kufika kiunoni. Lakini nilipoyafunua kwa mkono nikakuta mchicha umejaa chini yake, umetoka kwenye mbegu zilizopukutika mwaka jana nilipoacha mashina machache yakazeeka. Mnavu ulikuwa umeota kando ya ukuta. Pale tunapomwaga maji ya vyombo palisimama minyanya mitatu, ya zile nyanya ndogondogo, imezaa mpaka matawi yamelala chini. Na kwenye shimo la taka za jikoni shina moja la maboga lilikuwa limejitwalia kiwanja: limefunika shimo lote, limepanda uzio, limevuka kwenda kwa jirani.

Mimea ya namna hii tunaiita maotea. Imeota yenyewe kwa mbegu iliyodondoka, hakuna aliyeipanda. Usiku ule nilikula ugali kwa mchicha wa maotea, kisha nikafungua Isaya 37, si kwa sababu ya mchicha, bali ndipo nilipokuwa nimeishia kusoma kabla ya safari.

Tunaijua habari yenyewe. Ni mwaka 701 kabla ya Kristo, Hezekia, mfalme wa Yuda, amezingirwa Yerusalemu. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ameshatwaa miji ya Yuda yenye ngome. Katika kumbukumbu alizoandikisha mwenyewe kwenye udongo wa mfinyanzi anajisifu kwamba aliiteka miji 46, na kwamba alimfungia Hezekia mjini mwake kama ndege tunduni. Jemadari wake amesimama nje akiwapigia kelele watu walioko ukutani, kwa lugha yao wenyewe ili kila mtu aelewe, kwamba watakula mavi yao na kunywa mkojo wao. (Msininunie mimi, ni Isaya 36:12.)

Sasa fikirieni mashamba. Jeshi limepiga kambi humo. Nani atatoka langoni na jembe? Msimu wa kupanda unakuja na kupita, watu wanautazama kutoka juu ya ukuta. Hapo ndipo Mungu anampa Hezekia ishara, nayo haina moto wala ngurumo. Mwaka huu mtakula kinachoota chenyewe. Mwaka wa pili mtakula kitakachotoka kwenye hicho. Mwaka wa tatu ndipo mpande, mvune, na mizabibu muipande.

Nimekaa kanisani miaka mingi na sijapata kusikia mahubiri juu ya mstari huu. Tunakimbilia mstari wa 36, malaika anapowapiga Waashuri 185,000 usiku mmoja, maana huo una kishindo. Lakini jeshi likishaondoka kunapambazuka, na mtoto anataka kula. Mwanamke wa Yerusalemu atamwambia nini? Atatoka aende shambani aone shayiri imejiotea mahali punje zilipomwagika mavuno yaliyopita, zile ambazo wavunaji walihesabu kuwa zimepotea. Ushindi ni usiku mmoja. Chakula ni miaka mitatu, na miwili kati yake ni ya kuokoteza.

Hapo niliufunika ule ukurasa nikakaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimerudi najiona mtu aliyepoteza msimu.

Sitaki mdhani kwamba kila maotea ni zawadi. Kaka yangu kule Njombe analima viazi mviringo, na kila msimu anapita shambani aking'oa viazi vilivyojiotea kutokana na vile vidogo vilivyosahaulika ardhini. Vinabeba ugonjwa wa mnyauko kutoka msimu mmoja hadi mwingine; ukivihurumia, umeuhurumia ugonjwa. Anang'oa na kuvitoa nje kabisa ya shamba. Na mimi mwenyewe nina mpapai ulioota nyuma ya bafu, nadhani mbegu ililetwa na ndege. Niliumwagilia kiangazi kizima, ukachanua vishada virefu vinavyoning'inia, nikajua ni dume. Bado sijaukata. Sijui nangoja nini.

Asubuhi yake niliona jambo lingine. Ncha za yale maboga zilikuwa zimechumwachumwa, na kikonyo kimoja kimekatwa kwa kisu. Boga limekwenda. Nikanuna, wapendwa. Miezi minne sijashika jembe, sijamwaga hata kopo la maji, lakini nilinuna kama mtu aliyeibiwa shamba zima.

Saa nne jirani akaja na sahani iliyofunikwa. "Dada, pole na kuuguza. Wanangu wamekula majani yako mpaka wanalalamika. Na boga moja nililichuma, niliona litaoza." Nikagundua pia kwamba uwanja wangu wa mbele ulikuwa umefagiliwa. Nikamshukuru kwa nusu ya mdomo.

Walawi 25 nadhani iliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye uso kama wangu asubuhi ile. Mwaka wa saba Israeli hawapandi. Kinachojiotea katika mashamba yao hawaruhusiwi kukivuna, na mara moja, mstari unaofuata, wanaambiwa kitakuwa chakula chao. Mwanzoni inaonekana inapingana yenyewe. Lakini soma orodha ya walaji: wewe, mtumwa wako, mjakazi wako, mwajiriwa wako, mgeni akaaye kwako, mifugo yako, hata wanyama walio katika nchi. Mwenye shamba anakula, ila anakula kama mmojawapo. Asichoruhusiwa ni kuja na mundu, kufunga miganda na kujaza ghala, kama mtu anayechukua jasho lake. Jasho halipo. Mwaka ule lango la shamba halina mwenyewe.

Kuna neno moja linalofunga masomo haya yote matatu. Wayahudi walipotafsiri Maandiko kwa Kigiriki, kwa kile kinachojiotea walitumia neno ambalo ndilo mzizi wa neno letu otomatiki: kinachojiendea chenyewe. Limo katika Walawi 25:5, limo katika habari ya Hezekia kama inavyosimuliwa kwenye Wafalme wa Pili 19:29. Na Marko, anapomnukuu Bwana akisema "nchi huzaa yenyewe, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke", anatumia neno hilohilo. Yule mpanzi analala na kuamka, mbegu inamea "asivyojua yeye". Katika Agano Jipya lote neno hilo linarudi mara moja tu zaidi, Matendo 12:10, Petro anapotolewa gerezani usiku na mlango wa chuma uelekeao mjini unawafungukia wenyewe. Petro hakuwa na ufunguo. Alikuwa amelala katikati ya askari wawili, akaamshwa, akaambiwa avae viatu.

Ndipo nikakumbuka boga lenyewe limetoka wapi. Mwaka jana, karibu na Pasaka, jirani huyuhuyu alinipa nusu ya boga kubwa la rangi ya kijivu. Nilikwangua mbegu kwa kijiko nikazitupa kwenye shimo la taka pamoja na maganda. Sina hakika kwa asilimia zote, lakini sikumbuki kununua boga lingine mwaka ule.

Jioni nilichukua kisu nikakata mawili. Moja nikalivusha juu ya uzio. Alicheka, akauliza kama nimeshachoka kula maboga.

Lililobaki nililipika kwa nazi. Mbegu nimezianika kwenye gazeti dirishani, na kila anayepita hapo anazionja mbili tatu, kwa hiyo zinapungua. Jumapili nilimpigia mama simu. Sasa anakaa, anashika ukuta na kupiga hatua. Nikamsimulia habari za boga, jinsi lilivyokuwa zito mpaka nimelibeba kwa mikono miwili.

"Ulilipanda lini, nawe ulikuwa huku?"

"Sikulipanda, mama."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kiti kikilia alipojiegemeza.

"Basi mbegu zake," akasema, "ukija niletee."