Nilivyosajili Morris Minor ya 1967 isiyokuwa na karatasi

Karibu kila niliyemwambia kwamba nimenunua Morris isiyo na logbuku, yaani hati ya usajili wa gari, alinipa ushauri uleule: tafuta Morris iliyokufa, nunua logbuku yake, gonga namba zake kwenye gari lako, maisha yaendelee. Dalali mmoja wa Ndeeba, hapa Kampala, alikuwa nayo tayari kwenye bahasha, akaiita dawa. Dawa hiyo mwisho wake ni kizimbani. Siku mkaguzi atakapokwaruza rangi, mwizi utakuwa wewe, na dalali hata simu hatashika. Mimi gari langu lina logbuku halali, kwa namba zilelile lilizotoka nazo kiwandani Cowley, Uingereza, na sikumpa mtu yeyote kitu mkononi.

Gari lenyewe ni Morris Minor 1000, milango minne, injini ya cc 1098. Mzee aliyelileta alifanya kazi Uingereza kwa miaka mingi. Mwaka 2017 alilipakia melini hadi Mombasa, likavuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda juu ya lori, likashushwa nyumbani kwake Walukuba, Jinja. Kodi ililipwa. Kisha maradhi yakamkamata kabla hajalipeleka kukaguliwa na kupewa namba, na hakupona. Wakala aliyemfanyia kazi za forodha alihama ofisi na mafaili yake, hajulikani aliko. Mjane aliniambia, "Mwanangu, karatasi zote alikuwa nazo yule wakala. Mimi nilichobaki nacho ni ufunguo."

Huo mwaka 2017 ndio ulioniokoa. Mwaka 2018 sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa, na tangu hapo gari la kawaida lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Kwa hiyo anayekwambia "sema tu umelileta juzi kutoka Kenya, ulipe kodi upya" anakuchimbia shimo. Ukilipa upya unakiri kwamba umeingiza gari lililokatazwa. Kilichotakiwa ni kuthibitisha kwamba hili liliingia kabla ya katazo, na kwamba lililoingia ndilo hilihili. Kwenye ukarabati wa bodi sitakaa sana. Vipuri vingine nilivipata soko la Kisekka, vingine viliagizwa, na pesa iliyokwenda huko naijua mimi na mke wangu.

Nilianza na chuma. Bamba la chesisi la Morris Minor limefungwa kwa ribiti kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, chini ya boneti. Mtu fulani zamani alilipaka rangi ya kijani pamoja na kila kitu kilichokuwa karibu, namba zikazama. Fundi wangu, mtu hodari kwa injini, alikwishashika msasa. Nilimzuia mkono. Msasa hula rangi na maandishi pamoja, na bamba lenye mikwaruzo ya msasa ndilo humfanya mkaguzi akune kidevu. Nilimwita mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aje asimame pale, nikapiga picha rangi ikiwa bado juu, ribiti zikionekana kwamba hazijaguswa. Ndipo nikaanza na dawa ya kuondolea rangi, tone moja moja kwa pamba, nangoja, nafuta, nasugua kwa mswaki laini. Kazi ya asubuhi nzima kwa kipande cha bati cha upana wa kiganja. Fundi alikuwa amechoka kuniangalia, lakini herufi ya kwanza ilipojitokeza alisogea mwenyewe na taa. Tulipomaliza niliweka karatasi nyembamba juu ya bamba nikapitisha penseli ubavuni, namba zikahamia kwenye karatasi. Mwenyekiti akagonga muhuri wake juu ya karatasi ileile na kuandika barua ya aliyoyaona.

Namba ilianza na MAS5. M ni Morris, A ni kundi la injini, S ni saluni ya milango minne, na 5 ni toleo la mwisho, lile la injini ya 1098. Ya milango miwili huandikwa MA2S5. Namba ya injini, iliyo kwenye bloku, ilianza na 10MA, na hiyo nayo ni ya 1098. Ingekuwa ya 948 ingeanza na 9M. Ukijua haya unajua kama gari unalouziwa ni moja au ni magari mawili yaliyounganishwa. Langu ni moja.

Nyuma palikuwa bado pamefungwa namba ya usajili ya Uingereza inayoishia na herufi E. Waingereza walitumia E kuanzia Januari hadi Julai 1967 tu, kwani mwaka huo walihamishia mabadiliko ya herufi mwezi Agosti. Nikaingia kwenye ukurasa wa serikali yao wa kuulizia magari, ambao ni bure na hauhitaji wewe kuwa Mwingereza, nikaandika namba. Ikaja: Morris, kijani, mwaka wa kwanza kusajiliwa, ukubwa wa injini, tarehe ya hati ya mwisho iliyotolewa, na neno kwamba gari limetolewa nchini. Nilichapisha ukurasa ule papo hapo. Walionishauri niajiri wakili wa London kuitafuta ile hati yao, inayoitwa V5C, hawakujua kwamba hati yenyewe imeandikwa juu yake kuwa si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja anayelitunza gari na kulilipia. Pauni za wakili nikazitumia mahali pengine.

Mahali penyewe ni Gaydon, kwenye jumba la makumbusho ya magari ya Uingereza, wanakohifadhi vitabu vya uzalishaji vya Morris, Austin, MG na wenzao. Unawapelekea namba ya chesisi na ada, pauni hamsini hivi na posta yake, wanakutolea cheti kutoka kwenye kitabu cha kiwanda: lini gari lilitengenezwa, namba ya injini, rangi, na lilipelekwa wapi. Cheti changu kilipofika, injini iliyoandikwa ilikuwa ileile iliyo chini ya boneti yangu, na rangi ilikuwa kijani. Nakala yake niliitia fremu, chenyewe halisi nikakificha.

Sasa forodha, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Nilishauriwa niende Mombasa nikapekue bandarini. Haina haja. Tangu 2014 Afrika Mashariki ina utaratibu wa eneo moja la forodha, na mzigo wa Uganda unaweza kulipiwa kodi huku ukiwa bado bandarini Kenya. Tamko la forodha la gari la mzee lilikuwa kwenye kumbukumbu za hapa. Lakini tulipotafuta kwa namba ya chesisi, kompyuta ilijibu haipo. Tukajaribu kwa nafasi kati ya herufi, bila nafasi, kwa mstari wa mkato. Haipo. Dalali wa Ndeeba alipopata habari alinipigia: "Bosi, si nilikwambia? Bahasha bado ninayo."

Nikarudi kwa mjane. "Mama, mzee alikuwa na namba ya TIN?" Alikuwa nayo, namba hiyo ya mlipa kodi, kwa sababu ya vyumba vyake vya kupangisha, ikapatikana kwenye risiti ya kodi iliyofunika kurasa za daftari la madeni. Taarifa za mlipa kodi hazitolewi kwa mpita njia, kwa hiyo aliyeandika maombi ni binti yake, msimamizi wa mirathi. Familia ilikuwa imeshapita kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu, ikapata cheti cha kutokuwa na pingamizi, na mahakama ikampa yule dada barua za usimamizi. Jambo hili lisikupite: gari la marehemu huuzwa na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mjane hawezi, mtoto mkubwa hawezi, hata wakikubaliana wote sebuleni. Mimi nililipa sehemu ndogo kwanza, na iliyobaki siku alipotia sahihi yeye.

Tukatafuta kwa TIN ya mzee. Yakaja matamko machache, na moja lilikuwa la gari, Morris, 1967, kodi imelipwa, tarehe ya 2017. Chesisi: MA55. Aliyeandika aliiona S akaandika 5! Herufi moja ndiyo iliyolificha gari miaka yote hiyo. Nilisimama pale nikamkumbatia yule dada mbele ya watu. Tarakimu zote zilizofuata zilikuwa sawasawa, na namba ya injini ilikuwa sawasawa.

Kurekebisha kulihitaji maombi kupitia wakala mwenye leseni. Nilitafuta mwingine, mama mmoja makini ambaye ada yake haikuzidi laki tatu, akaambatanisha cheti cha Gaydon, karatasi ya penseli yenye muhuri wa LC1 na picha za kabla na baada. Hapo ndipo ile asubuhi ya pamba na mswaki ilipolipa. Bila picha za rangi ikiwa juu ya bamba, mtu angeweza kusema S nimeichonga mimi.

Baada ya tamko kusahihishwa mengine yalikwenda: ofisi ya Interpol iliyo Kololo ikathibitisha gari halimo kwenye orodha ya yaliyoibwa, hati ya kiapo, ukaguzi, kisha maombi, kwani usajili wa magari sasa uko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, umetoka URA, mamlaka ya mapato. Namba mpya za kidijitali zilinigharimu laki saba na kitu. Mkaguzi aliniuliza kwa nini namba ya chesisi ni fupi. Nilimweleza kwamba namba za tarakimu 17 ni za baadaye, Marekani yenyewe ililazimisha kuanzia magari ya 1981, nikamwonyesha cheti. Akasoma chote, akainama na tochi, akalinganisha bamba, akapitisha. Ushauri wa kioski cha intaneti ulikuwa niongeze sifuri mbele mpaka zifike 17. Kwa mwenye gari la zamani, huo ni ushauri mbaya kuliko wa bahasha, maana utakuwa umeghushi namba ya gari lako mwenyewe.

Kijana huyohuyo wa kioski ndiye aliyekuwa akinijazia fomu, na niliomba kuisoma kabla hajaituma. Alikuwa ameandika MA55. "Mzee, ni herufi moja tu," akasema. Nilimwambia afute, aandike upya nikiwa nimesimama nyuma yake, na sikuondoka mpaka aliponichapishia nakala nikaisoma kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu. Logbuku ilipotoka nilisoma mstari wa chesisi kabla ya jina langu. Imeandikwa MAS5.