Soma herufi za lenzi kabla ya kulipa
Sony ilitoa α7, kamera isiyo na kioo cha ndani yenye sensa ya 36×24 mm, mwaka 2013. Canon na Nikon zikajibu 2018, kila moja na mdomo mpya wa lenzi (sehemu ya kamera inayoshika lenzi), hivyo lenzi za zamani haziingii bila adapta, na gharama ikatuangukia wapiga picha. Lenzi za EF, za kamera za zamani za Canon, hufanya kazi vizuri kwenye EOS R, kamera yake mpya isiyo na kioo, kwa adapta, kwa kuwa mota ya kufokasi imo ndani ya lenzi. Kwa Nikon, kuwa makini: AF-D, aina ya lenzi zake za zamani, huzungushwa na mota ya bodi ya kamera, na FTZ, adapta ya Nikon ya kuweka lenzi za zamani kwenye kamera mpya, haina mota, hivyo utafokasi kwa mkono. Lenzi za AF-S, zenye mota yao ndani, hazina shida hiyo. Inauma, maana AF-D ya 50 mm bado ni lenzi nzuri mno.