Samaki akiumwa anza na maji, dawa baadaye

Jamani hii tabia ya kumwaga dawa kwenye tanki kila samaki akijitenga pembeni inaniuma sana, maana mara nyingi hana ugonjwa wowote, anaunguzwa na maji anayoishi. Samaki anatoa amonia, taka yenye sumu, muda wote kupitia matamvua, chakula kilichobaki nacho kinaoza kinaongeza nyingine, na kwenye tanki jipya bakteria wa kuigeuza kuwa naitraiti (nayo ni sumu) halafu naitreti (isiyo kali sana) hawajawa wa kutosha, huchukua kama wiki 4 mpaka 6. Kwahiyo ukiona anahema juu juu, mapezi kayabana, pima maji. Amonia na naitraiti zote zinatakiwa zisome 0. Zikizidi, badilisha maji robo mpaka nusu, maji mapya ya bomba yatoe klorini kwanza, na siku hiyo usimpe chakula. Wengi wanachangamka bila dawa yoyote.

Sasa kama ana vidoa vyeupe mwilini kama chembe za chumvi na anajisugua kwenye mawe, hicho ni kimelea na hapo dawa inahitajika, ila elewa kwanza inapigana na nini. Kidoa unachokiona kimejificha chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka kwenye changarawe, kinajifunika, kinajigawa na kutoa vitoto hadi mamia vinavyoogelea kutafuta samaki wa kumvamia, na ni hivyo vinavyoogelea tu ndo dawa inaviua. Maji yakiwa nyuzi 25 mzunguko wote unaweza kwisha ndani ya wiki moja, kwenye baridi unaburuza wiki kadhaa, ndo maana watu wanapandisha hita taratibu, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka karibu 30 kama samaki wao wanavumilia. Weka na pampu ya hewa maana joto linapunguza oksijeni. Na tafadhali sana usiache dawa eti vidoa vimepotea!! Vimeshuka chini kuzaana, endelea siku kadhaa baada ya kidoa cha mwisho.

Kabla ya dozi toa mkaa kwenye filta, utanyonya dawa yote. Dawa yenye shaba inaua konokono na kamba. Na ukiona utando mweupe mdomoni au mgongoni usikimbilie kupandisha joto, inaweza kuwa bakteria wa kolumnarisi, ugonjwa mwingine wa samaki, na hao joto linawachochea.

Kinga kubwa kwangu ni karantini, samaki mgeni akae tanki lake wiki 2 mpaka 4 na wavu wake mwenyewe, hata kama anaonekana mzima kabisa, hata kama muuzaji kakuapia. Halafu sponji ya filta usiioshe bombani, isuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tankini, la sivyo klorini inawamaliza wale bakteria wa kugeuza amonia na amonia inapanda tena.