Siku Moja Maishani Mwangu: Nalipwa kwa Kusikiliza

Majirani zangu hapa Ipagala wananijua kama mtu asiye na kazi ambaye kwa bahati yake ana spika nyingi. Wakipita dirishani mchana wananiona nimekaa kwenye kiti nimefumba macho, na mmoja amewahi kumwambia mke wangu kwamba angependa kazi ya kulala kama yangu. Kazi yenyewe ni kupima amplifaya na spika, kisha kuandika kile nilichokisikia na kukipima ili anayetaka kununua asipoteze fedha yake. Wanaonilipa ni wanunuzi: kamati za kwaya, wenye kumbi ndogo, na watu wanaohamia kwenye nyumba mpya mjini Dodoma. Muuzaji hanilipi, na Alhamisi iliyopita ndiyo iliyonikumbusha kwa nini.

Saa 10:45 alfajiri

Ninaamka kabla ya adhana kwa sababu mji wetu unajengwa, na ikifika saa 2 asubuhi mashine ya kukata marumaru katika kiwanja cha jirani huwa imekwisha kuanza. Alfajiri hiyo kipima sauti kilionyesha desibeli 31 chumbani, ilhali mchana huonyesha karibu 48 hata kama hakuna anayezungumza. Anayesikiliza spika katika desibeli 48 hawezi kuyajua yale madogo, kama pumzi ya mwimbaji kabla ya neno au mlio wa uzi unaofifia, maana yote yamefunikwa na mtaa.

Mezani zilikuwapo spika mbili ndogo za mwenye ukumbi mmoja wa Area D, na swali lake lilikuwa kama kweli zina besi nyingi kama alivyoambiwa dukani. Kabla ya kuilaumu au kuisifu spika lazima ukijue chumba. Changu kina urefu wa mita 4.2, na hesabu ya mwendo wa sauti hewani inanipa mngurumo karibu na hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, unaojazana kwenye kuta mbili za mwisho na kupotea katikati. Ukikaa ukutani utaandika kwamba besi ni nzito. Ukisogeza kiti katikati ya chumba utaandika kwamba haipo kabisa, na spika ni zilezile. Kwa hiyo kiti changu kina alama za chokaa sakafuni, spika zina alama zake, na kila jozi inayoingia husimama palepale iliposimama jozi iliyotangulia. Ukutani nimeegemeza godoro kuukuu, kwa sababu ukuta wa tofali za saruji na sakafu ya marumaru hurudisha sauti kama bati linaloangushwa. Nikishamaliza, ninalitoa godoro na kusikiliza tena, kwani wasomaji wangu wengi hawana godoro ukutani.

Ninaanza na nyimbo za marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu aliyefariki mwaka 2003, si kwa sababu ya uzalendo tu bali kwa sababu ninazijua. Ilimba, ala yake ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ina mvumo wa kukwaruza kidogo ambao ni sehemu ya ala yenyewe. Mpimaji asiyeijua ataandika kwamba spika imepasuka, na mwingine, mbaya zaidi, ataisifu spika iliyoufuta mkwaruzo huo kwamba ina sauti safi. Ngoma za muheme nimezisikia tangu utotoni, zimebanwa mapajani mwa akina mama, na ninajua jinsi ngozi inavyolia kavu na kunyamaza haraka. Spika za mwenye ukumbi zilikuwa zikiirefusha ngoma hiyo, ikawa kama inapigwa ndani ya pipa. Hiyo haikuwa besi nyingi, ilikuwa besi isiyojua kunyamaza.

Kuanzia saa 2 hadi saa 6 nilikunywa chai, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

Saa 6:20 mchana

Mfanyabiashara mmoja alifika na amplifaya ikiwa bado ndani ya boksi. Tulisalimiana vizuri, akakaa, akakataa maji, na kabla sijafungua boksi akasema, "Kaka, wewe andika tu inagonga. Kesho mzigo unaingia."

Mbele ya amplifaya hiyo paliandikwa kwa herufi za dhahabu wati 3,000, na pembeni yake, kwa herufi ndogo, P.M.P.O., yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, si ya mfululizo. Nikaigeuza. Nyuma, kwenye kibandiko cha fedha karibu na waya wa umeme, paliandikwa kwamba inatumia wati 75. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba kifaa kinachovuta wati 75 ukutani hakiwezi kutoa 3,000 mfululizo kwenye spika, kwa kuwa hakuna kinu kinachotoa unga mwingi kuliko mahindi yaliyoingia. Akacheka na kusema kuwa wateja hawasomi nyuma.

Kisha akachomeka flashi yake na kuzungusha volyumu hadi vioo vya dirisha vikatetemeka. Kipima sauti kitini pangu kilisoma desibeli 100. Nilimwomba apunguze, akapunguza kidogo, kisha akapandisha tena kila wimbo ulipobadilika, akinitazama usoni kama mtu anayengoja kusifiwa. Wapimaji wenye busara hujiwekea kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu; kwa desibeli 100 haki ya sikio ni dakika 15 tu kwa siku nzima. Yeye alizila zote, zake na zangu.

Nikaleta amplifaya yangu ya zamani ili tuzilinganishe kwenye spika zilezile. Volyumu zote mbili ziliwekwa katikati, akasikiliza na kusema kwa furaha kwamba yake ina besi na uhai zaidi. Hapo ndipo wapimaji wengi hukosea, na mimi nimekosea hivyo kwa miaka. Nilipiga mlio wa hezi 400 na kuweka multimita, kipimo cha umeme, kwenye waya za spika: yangu ilitoa volti 2.83, yake 3.4. Tofauti hiyo ni kama desibeli 1.6, ndogo kiasi kwamba mtu hasemi "hii ina sauti kubwa" bali husema "hii ni nzuri". Tena watafiti wa sauti Fletcher na Munson walikwisha kuonyesha huko Marekani mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi kidogo sauti ikiwa chini. Pandisha sauti, na besi huongezeka zaidi kuliko vingine. Amplifaya yake haikuwa na uhai zaidi, ilikuwa na volti zaidi.

Nilizisawazisha hadi zikatofautiana kwa chini ya asilimia moja, nikavuta pazia mbele ya meza, nikamwita mpwa wangu arushe sarafu kila mara na kubadilisha waya kulingana na upande ulioangukia. Kazi ya bwana yule ilikuwa kusema tu kama inayopiga ni yake au yangu. Katika jaribio la tatu nikagundua kwamba hasikilizi, anamchungulia binti usoni. Mpwa wangu naye alisema, "Mjomba, huyu ananikodolea macho," ikabidi akae kabisa nyuma ya pazia, tukaanza upya.

Baada ya majaribio 10 alikuwa amepata 7. Akasimama, akapiga makofi, akadai nimeshuhudia mwenyewe. Nikamwambia akae. Mtu anayebahatisha kwa sarafu hupata 7 au zaidi kati ya 10 takriban mara moja katika kila awamu sita, na hilo si jambo la kuandikia watu watoe fedha. Mimi hufanya majaribio 16, na mtu akipata 12 au zaidi ndipo ninaanza kuamini kwamba amesikia kitu, maana kwa bahati tupu hilo hutokea chini ya mara moja katika awamu 20. "Kwa hiyo hujaniamini," akasema. Nilijibu kwamba hata masikio yangu mwenyewe siyaamini hadi yafike 16. Wakati wa jaribio la 11 umeme ukakatika.

Tulikaa chumbani bila umeme, watu watatu na amplifaya mbili, yeye akieleza kodi ya fremu, ushuru, mtaji wa mkopo, na ukweli ni kwamba nilimwonea huruma. Alipochoka kungoja alisema amplifaya ibaki kwangu, "iwe ya nyumbani kwako, kaka, bila maandishi yoyote." Nikaifunga upya kwenye boksi lake na kumsaidia kuibeba hadi kwenye bajaji, tukakubaliana airudishe siku yenye umeme. Sipokei, kwa sababu ninajijua: nikishaipenda sebuleni, masikio yatatafuta sababu za kuipenda.

Umeme ulirudi jua likiwa limezama. Ratiba ilikuwa inanitaka nimalize spika za Area D kwa sauti ya chini, usiku, mtaa ukiwa umetulia, lakini sikio la kushoto lilikuwa na mlio mwembamba usiokatika kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua. Sikio la namna hiyo halipimi kitu. Nilimpigia mwenye ukumbi kumwomba siku moja zaidi, akakubali huku akiguna, naye ana haki ya kuguna.

Nilikula kimya na kumwomba mwanangu apunguze televisheni. Baadaye, nikiwa nimekwisha kulala, simu ikawaka: "Kaka vipi, inagonga au haigongi?"

Nikamjibu kwamba yamebaki majaribio sita.