Mizani mbili za Ruhuhu

Madereva wa malori huniuliza umri wa mzigo wao kwa utani, wakiwa wanasubiri karatasi ya mizani. "Dada, hili jiwe lina miaka mingapi?" Nikiwajibu kwamba ni milioni 280 hivi, wanadhani nami natania. Mzee mmoja wa Tunduma alitikisa kichwa, akaniambia, "Mwanangu, hilo ni deni la serikali, siyo miaka."

Mimi ni karani wa mizani huku Mbinga, si mjiolojia. Makaa ya mawe ya Ngaka yanapita mbele ya dirisha langu usiku na mchana, mengine yakienda viwanda vya saruji, mengine bandarini Mtwara. Ningeweza kuendelea kuandika tani na namba za magari bila kujali kitu. Siku moja kijana wa machimbo akaniletea kipande cha jiwe la kijivu, yale yanayochambuliwa kutoka kwenye makaa na kutupwa. Lilikuwa na chapa ya jani, refu kama kiganja changu, lenye mshipa mnene katikati na vishipa vidogo vilivyosukwa pembeni kama wavu. Nililipiga picha, nikatafuta usiku kucha. Glosopterisi. Mti huo uliota Afrika, India, Australia, Amerika Kusini na Antaktika, enzi ambazo nchi hizo zote zilikuwa bara moja, Gondwana. Misitu yake iliyozama kwenye vinamasi ndiyo tunayoichimba leo.

Tangu hapo nimejisomea bonde la Ruhuhu kama wengine wanavyofuatilia ligi. Na kwa kweli ni bonde la kujivunia, ingawa wenyeji wengi tunalijua kwa mto tu. Chini kabisa, chini ya makaa, kuna mashapo yanayoitwa Idusi, yaliyoachwa na barafu. Barafu, hapa hapa Ruvuma! Karibu miaka milioni 300 iliyopita sehemu hii ya Gondwana ilikuwa karibu zaidi na ncha ya kusini. Barafu ikayeyuka, vinamasi vikaja, ndiyo makaa yetu ya Pemiani ya Mwanzo (Pemiani ni kipindi cha kale kilichoisha miaka milioni 252 iliyopita). Juu yake kuna tabaka nyingine ambazo nitaziruka, nina haraka ya kufika Usili.

Usili ni mashapo ya mwisho wa Pemiani, na yamejaa mifupa. Kuna disainodonti, wala majani wenye mdomo kama wa kobe na pembe mbili zinazochomoza kwenye taya la juu. Kuna gogonopsia, wawindaji wenye chonge ndefu kama visu. Kuna na mnyama mdogo, Prosainosukasi, ambaye mtu ungempita bila kumtazama, ila ukoo wake ndio uliokuja kuzaa mamalia wote, mimi na wewe tukiwemo. Wengi wa wanyama hawa wana ndugu zao Zambia na Afrika Kusini, wa kufanana kabisa.

Panda juu zaidi unakuta tabaka za Manda, zilizopewa jina la Manda ya kule Ludewa, ziwani Nyasa. Hapo tayari ni Triasiki ya Kati, Triasiki ikiwa kipindi kinachofuata Pemiani, kama miaka milioni 245 kwa hesabu iliyozoeleka. Gogonopsia hayupo hata mmoja. Badala yake kuna reptilia wa kale: kuna Asilisaurus kongwe, kuna Mambawakale ruhuhu (majina hayo wamepewa na wanasayansi wa nje, na wametutendea haki), kuna Teleocrater, jamaa wa mbali wa dinosaria aliyetembea kwa miguu minne wakati wataalamu walitarajia kitu chepesi cha miguu miwili. Na kuna Nyasasaurus. Huyo mifupa yake ilichimbwa miaka ya 1930, ikakaa makumbusho ya London na Cape Town, mpaka maelezo rasmi yalipochapishwa mwaka 2013. Huenda ndiye dinosaria mkongwe kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu kabisa. Mfupa mmoja wa mkono na pingili kadhaa za mgongo, basi. Ubishi bado upo, nami nafurahia ubishi huo.

Sasa sikiliza. Kati ya Usili na Manda kuna kitu hakipo. Kutoweka kwa viumbe kukubwa kuliko kote katika historia ya uhai, miaka milioni 252 iliyopita, hakukuacha ukurasa wake hapa kwetu. Mamilioni ya miaka yamekatika: ama mashapo hayakulala, ama yalilala yakamomonyoka. Ukitaka ukurasa wenyewe unakwenda Meishan, China, ambako mwaka 2001 wanajiolojia wa dunia walikubaliana kuweka alama rasmi ya mwanzo wa Triasiki. Kule kuna majivu ya volkano kati ya tabaka, na ndani yake chembe za madini ya zikoni ambazo urani yake hugeuka kuwa metali ya risasi kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo umri unapimika. Kwetu wataalamu wamelazimika kulinganisha zaidi wanyama wetu na wa Karoo, bonde la miamba ya enzi hizo huko Afrika Kusini.

Lakini kazi yangu imenifundisha kutodharau pengo. Lori linapita kwangu likiwa tupu, linarudi limejaa. Sikuwepo wakati linapakiwa, na sihitaji kuwepo. Natoa uzito wa kwanza kwenye wa pili, najua kilichotokea. Usili na Manda ni mizani mbili. Ukizilinganisha unaona nani alipotea na nani alipenya, na unaona jambo jingine: wanyama wa Manda hawafanani sana na majirani zao kama ilivyokuwa kwa Usili. Kila eneo lilianza upya na lake.

Kilichoua kinaelekezwa Siberia. Lava ilifunika mamilioni ya kilomita za mraba, na uji wake wa moto ukiwa njiani ulipenya tabaka za chumvi na za makaa ya mawe, ukayachoma chini kwa chini. Hewa ikajaa gesi, maji ya bahari za kitropiki yakapanda joto kwa karibu digrii 10, bahari ikapoteza zaidi ya asilimia 80 ya spishi zake.

Glosopterisi nayo ikaenda. Na hili ndilo ninalowaambia madereva siku hizi, maana linawagusa mfukoni: hakuna makaa ya mawe ya Triasiki ya Mwanzo yaliyopatikana popote duniani. Siyo Ngaka, siyo Mchuchuma, siyo China. Mimea ya kujaza vinamasi ilikuwa imekufa, na ilipita karibu miaka milioni 10 kabla dunia haijaanza tena kutengeneza mzigo wa kupakia.