"Kidogo" ni kiasi gani?

Pumu ya ngozi ninayo tangu utotoni, lakini nilifika utu uzima nikiwa na neno moja tu la kuielezea: nawashwa. Daktari akiuliza hali, nawashwa. Mama akiuliza mbona nimenuna, nawashwa.

Jioni moja nilikuwa nasoma ujumbe wa kaka yangu, ananisema kwa jambo nililokwisha kumweleza mara mbili. Nilipoweka simu chini, kucha za mkono wa kulia zilikuwa na damu. Ngozi ya ndani ya kiwiko cha kushoto ilikuwa imechunika, na sikumbuki nilianza kujikuna saa ngapi. Nilipoufungua ule ujumbe sikuwa nawashwa hata chembe. Nilikuwa na hasira.

Nikatafuta daftari. Sharti langu: mkono ukienda kwenye ngozi, kabla ya kukuna naandika ninachohisi, na "nawashwa" ni marufuku. Wiki ya kwanza ukurasa mzima ulijaa "sijui". Baadaye yakaanza kujitokeza mengine: aibu, wivu, naogopa kesho. Mtaalamu wa saikolojia niliyemwonyesha hakushangaa. Alisema kushindwa kutaja hisia zako mwenyewe kuna jina, aleksithimia, lililobuniwa na daktari wa akili Peter Sifneos miaka ya 1970. Nilifarijika kupita kiasi kwa sababu ya jina tu, sijui kwa nini.

Daftari halikuniponya, nisidanganye mtu. Msongo huchochea pumu ya ngozi, lakini ngozi yangu ni dhaifu yenyewe, haishiki maji, na inahitaji dawa.

Na dawa nilikuwa naitumia vibaya miaka yote. Niliambiwa krimu ya steroidi "paka kidogo", nami kwa kuogopa ngozi kuwa nyembamba nikawa napaka kama manukato. Tyubu moja ilimaliza mwaka. Kuuliza niliona haya. Aibu ileile ya kwenye daftari, ila sikuwa nimeitambua. Nilipoitambua, nikauliza: daktari, kidogo ni kiasi gani?

Akaminya krimu juu ya kidole changu cha shahada, mstari kutoka nchani hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo, akasema, ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Nikaduwaa. Mimi kiasi hicho nilikuwa nakieneza mikono yote miwili, shingo, na nyuma ya magoti. Kumbe ndiyo maana kila mara nilikuwa narudi kliniki nikilalamika kwamba dawa haifanyi kazi.

Sasa naoga, napaka mafuta ya kulainisha ngozi ikiwa bado na unyevu, na krimu naipima kwa kidole, sehemu zilizowaka tu, kwa siku nilizoambiwa. Daftari bado ninalo. Nimelegeza sharti kidogo: usiku naruhusiwa kuandika "nawashwa", maana usiku muwasho huzidi kweli, niwe na hasira nisiwe nayo.