Wapangaji Kumi na Wanane

Mwaka 2012 malimbikizo yangu ya mshahara yaliingia kwa mkupuo. Mwalimu yeyote atakwambia kwamba fedha za namna hiyo huwa zimeshaliwa na madeni kabla hazijafika, lakini mimi nilijibania kiasi. Nikaenda kwa fundi vioo, pale pale Tabata, Dar es Salaam, nilipokuwa napanga, akanitengenezea tangi la samaki: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Ukizidisha unapata lita 54. Toa nafasi inayoliwa na kokoto, toa na ile ya juu usiyoijaza, zinabaki kama 45. Hesabu hiyo niliipiga baadaye sana, na mimi nafundisha hesabu. Siku ile nilikuwa nawaza tu jinsi sebule itakavyopendeza.

Muuza samaki alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Nikimnyooshea samaki kidole, yeye ameshamvua kwa kinyavu kabla sijauliza bei. "Hawa wote wanaelewana, mwalimu. Halafu bado wadogo." Nilipanda daladala nikiwa nimepakata mifuko ya nailoni, konda ananiuliza kama hao ni wa kukaanga. Walikuwemo samaki wa dhahabu wawili, malaika wawili wenye mapezi marefu kama nyuzi, wanne wa milia myeusi, mbuna wa njano watatu, gapi sita, na mmoja wa kahawia aliyekuwa ameng'ang'ania nailoni kwa mdomo. Huyo muuzaji alimwita mfagizi, eti atanisafishia kioo. Jumla kumi na wanane.

Mama, aliyekuwa akiishi nami, aliwatazama kwa muda, akasema, "Umewapangisha chumba kimoja kama Manzese."

Siku mbili za kwanza zilikuwa za raha. Siku ya tatu mikia ya gapi ilianza kupungua. Wale wa milia walikuwa wanaidonoa, na walipoichoka wakahamia kwenye nyuzi za malaika. Siku ya tano maji yakawa meupe kama maji ya mchele. Nikaona huo ni uchafu. Nikachomoa sponji ya chujio, nikaipeleka kwenye maji ya kisima uani, nikaisugua kwa sabuni ya unga. Povu halikuja upesi, nikaongeza sabuni. Sponji ikatoka nyeupe kama imetoka dukani, nami nikajiona mtu makini.

Kesho yake asubuhi samaki wote walikuwa juu, wanatweta, midomo nje. Kufika Jumapili nilikuwa nimezika saba chini ya mpapai: gapi watano, malaika mmoja na wa milia mmoja.

Wiki hiyo hiyo mjomba alikuwa kwetu. Alikuja kutoka Kigoma kutibiwa mtoto wa jicho, na alikuwa ametoka hospitali, jicho moja limefungwa bandeji, lingine linasubiri zamu yake na halioni zaidi ya vivuli. Mjomba alizamia Ziwa Tanganyika miaka mingi, akivua kwa nyavu ndogo samaki wa mapambo waliokuwa wakipakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Aliposikia habari ya misiba yangu, aliomba kiti kiwekwe mbele ya tangi.

"Mimi sioni," alisema. "Nihesabie, mjomba. Mmoja mmoja. Na usinipe jina alilokupa muuzaji. Niambie ana umbo gani na amekaa wapi."

Nilikuwa na samaki wale zaidi ya wiki, na ndiyo mara ya kwanza nikawatazama kweli. Nikamweleza wa dhahabu, walionenepa na wasiotulia. Akasema hao wanapenda maji ya baridi kuliko wenzao, wanakula na kuchafua kuliko wote mle ndani, na mmoja peke yake anaweza kupita sentimita 20. Nikapiga macho kwenye upana wa tangi: 30. Samaki wa namna hiyo angegeuka kwa shida, kama lori kwenye uchochoro. Nikamweleza malaika. Kwao ni mito ya Amerika Kusini, akasema, maji laini, yasiyo na madini mengi. Na akikua atawameza wadogo wote watakaoingia mdomoni, ukali hana, ni njaa tu. Mfagizi naye ni wa huko huko, na kioo hiki kina urefu wa sentimita 60 wakati yeye anaweza kufika 40. "Tena ndiye anayekuchafulia. Umesikia wapi mtu anakula halafu haendi chooni?"

Kwa wale wa milia nilitegemea lawama, kwa sababu ndio waliokata mikia. Mjomba akaniuliza niliwanunua wangapi. Wanne, nikasema. "Wachache mno." Wale huishi kundi kubwa, wanane au zaidi, na uchokozi wao wanaumalizia wenyewe kwa wenyewe. Ukiwaweka wanne, jirani ndiye anayeumia. Lakini wanane nao hawatoshi katika lita 45 wakiwa na watu wengine ndani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kosa langu halikuwa idadi peke yake. Nilikuwa nimechukua vipande vya familia sita nikavifungia pamoja.

Mbuna hakuhitaji kuelezewa sana. "Wa Nyasa hao. Mawe. Kila dume na jiwe lake." Akanyamaza, kisha akauliza, "Sponji uliosha lini?"

"Juzi juzi. Kwa sabuni."

Alicheka mpaka akashika bandeji. Akanieleza kwamba ule utelezi nilioufurahia kuung'oa ndimo wanamoishi bakteria. Samaki hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu wengine huigeuza tena kuwa naitreti, yenye unafuu mkubwa. Kuwapata wakatosha huchukua mwezi, wakati mwingine zaidi. Mimi niliingiza samaki kumi na wanane siku ya kwanza, halafu wale bakteria wachache walioanza kuhamia nikawaua kwa sabuni.

Kazi ya kuwatoa haikuwa tamu. Muuzaji aliwapokea wengi wao kwa kununa, malipo yake yakawa mfuko wa mchanga. Wa dhahabu nilipata pa kuwapeleka, birika la bustani la rafiki yangu. Jirani alinishauri mfagizi nikamtupe tu mtoni Msimbazi. Mjomba akakataa kabisa: samaki wa kigeni hatupwi mtoni, kwa kuwa akizoea hapo hakuna atakayemtoa. Mfagizi naye akarudi dukani.

Sasa nani akae? Mjomba alinipa njia mbili. Gapi madume watupu, kama kumi, maana jike mmoja huzaa karibu kila mwezi. Au wadogo wa ziwani kwao. "Maji yenu yanakataa sabuni," alisema. "Nimenawa hapa siku tatu, povu hakuna. Haya ni maji magumu, madini yamejaa. Usihangaike kuyabadili, tafuta anayeyapenda." Tanganyika nalo ni maji magumu.

Rafiki yake wa zamani, aliyekuwa akifuga huko Mbezi, ndiye aliyetupatia. Kwanza alituma sponji chafu, imefungwa kwenye mfuko na maji yake, nikaibana kwenye chujio langu kama hirizi. Wiki kadhaa baadaye wakaja samaki sita wenye mistari myembamba, dume mkubwa hafiki sentimita 5, pamoja na magamba ya konokono yapatayo ishirini. Hayo magamba ndiyo nyumba zao. Gapi wangu mmoja aliyenusurika alipata hifadhi kwa huyo huyo wa Mbezi.

Wageni hawakuvutiwa. Mtu akikaribia kioo wote wanatumbukia kwenye magamba, anaona mchanga tu, ananiuliza samaki nitanunua lini. Nami, nikiri, mara mbili nilisimama mbele ya duka lile nikawatamani wale wa njano.

Mjomba alirudi baada ya miezi minane kwa ajili ya jicho la pili. Lile la kwanza sasa lilikuwa linaona vizuri. Hata chai hakungoja, akavuta kiti, akakaa kimya kabisa mpaka samaki wakazoea kivuli chake na kuanza kutoka. Vitoto navyo vikachungulia, vingine havizidi ukucha. Akaanza kuhesabu kwa kidole, polepole, akarudia kuhakikisha.

"Kumi na saba... kumi na nane." Akanigeukia. "Wakizidi hapa, mjomba, utawapeleka wapi?"

"Manzese," akajibu mama kutoka jikoni.